Nani Aliyeyumba Tarehe Nane

Melini, chumba namba 5118
Tarehe 3 Juni

Mwanangu Mama Sindano,

Nina miaka sabini na sita. Nimemzika mama yako, nimewazika kaka zangu wawili waliokuwa na vifua kama milango, nimewazika madaktari watatu ambao kila mmoja aliniambia nisipoacha ubishi simalizi mwaka. Mizani za springi nimeziona zikija na nimeziona zikitupwa. Ofisi ya vipimo iliyoniajiri ilifunga milango na mimi bado nafungua duka kila asubuhi. Sasa wewe unadhani meli itanishinda?

Nayaandika hapa makubaliano yetu ili usije ukayageuza nikirudi, maana nakujua. Ulisema mtu wa umri wangu mwenye kisukari hawezi kulala peke yake nyuma ya duka. Nikasema naweza kulala peke yangu hata katikati ya bahari. Ukachomoa ile tiketi uliyoshinda kwenye bahati nasibu ya hospitali yenu, ukaiweka kwenye sinia la mizani yangu, ukasema haya baba, siku kumi na nne, twende tuone. Nikirudi bila kubebwa na mtu, nabaki dukani kwangu na hunisumbui tena. Nikibebwa, nahamia kile chumba cha nyuma cha nyumba yako kinachotazama ukuta. Hakuna kupiga simu melini, ni barua tu. Ukipiga, umeshindwa. Ndiyo maana simu nimeiacha makusudi kwenye droo ya misumari.

Hii barua dada wa mapokezi anaiweka kwenye mashine na wewe unaipata siku hiyo hiyo. Ya kwako wanaichapa na kuisukuma chini ya mlango wangu. Lugha yetu haijui, nilimtania akatabasamu tu.

Chumba hakina dirisha. Kuna pazia, nikalifungua, nyuma yake ukuta. Nani anaweka pazia kwenye ukuta? Mlango unajifunga wenyewe kwa kishindo kama mtego wa panya. Nje kuna ukumbi mrefu wenye milango mia, yote sawa, nimeweka alama kwenye wangu kwa kutundika soksi.

Insulini iko kwenye kifriji kama ulivyoagiza, nimetoa soda zao zote nikaziweka chini ya kitanda. Jiwe langu la mizani lile la shaba liko mfukoni kama kawaida. Kwa hiyo niko kamili.

Ni mimi baba yako,
Fundi Mizani


Nyumbani
Tarehe 4 Juni

Baba, shikamoo.

Barua imefika. Makubaliano nayakumbuka vizuri, hukuwa na haja ya kunipigia mhuri. Mimi pia nina la kukukumbusha.

Unajichoma kabla ya kula, si kabla ya kutafuta chakula. Kwanza ukione chakula kwa macho, ndipo uchome. Kati ya mlo na mlo ule kitu kidogo: saa nne asubuhi, saa kumi jioni, na kabla ya kulala. Yai, karanga, jibini, tunda moja, kipande cha mkate. Si keki. Najua melini keki ziko kila kona.

Kidole uchome mara nne kwa siku, uandike namba kwenye daftari nililokupa.

Na ile bahasha nyeupe, umempa daktari wa meli? Kliniki iko ghorofa ya kwanza. Wakiisoma watawaambia jikoni wakuwekee vitafunio vyako. Hutahangaika.

Mimi nipo zamu za asubuhi wiki hii. Duka lako liko salama, napita kulitazama.

Mwanao,
Muuguzi wa wodi ya wanaume


Melini
Tarehe 6 Juni

Mama Sindano,

Marahaba. Bahasha nilishatoa, daktari kafurahi sana, kasema hajawahi kuona mzee mwenye afya kama mimi. Hilo limekwisha, usiliulize tena.

Sasa nikueleze habari ya kula humu. Chakula kipo mpaka kinachukiza. Asubuhi saa moja bafe, mchana saa saba bafe, jioni saa mbili kukaa mezani na vijiko sita. Watu wanajaza sahani kama wanahama nyumba. Lakini ikifika saa tatu na nusu asubuhi wanashusha vyuma, tarararara, kwisha. Kati ya hapo na saa saba uzunguke meli nzima, ghorofa kumi na moja, utakachokuta ni sukari. Sukari ya kuganda, sukari ya kumwagika, sukari iliyochongwa kama bata. Saa kumi jioni wanapiga muziki wanatandaza keki meza nzima, wazee wenzangu wanakimbia na fimbo zao. Mimi nasimama pembeni kama mlinzi.

Na mlangoni pa bafe kuna bango limechorwa mkono umeshika kuku, juu yake mstari mwekundu. Maana yake hakuna kutoka na chakula. Hapo anasimama mama mmoja wa sare, macho kama ofisa wa forodha.

Lakini baba yako hafungiwi mlango. Siku ya kwanza nilitoka na mayai mawili ya kuchemsha mfukoni. Kwenye lifti akaingia bwana mmoja mnene na mkewe mnene zaidi, wakanibana ukutani, yai moja likasalimu amri. Siku ya pili nikayaweka ndani ya kofia, nikaivaa. Yule mama wa forodha akaniaga kwa kuinamisha kichwa. Mimi siwezi kuinamisha. Nikampigia saluti.

Yule muuza vinywaji wa ghorofa ya saba anaweka karanga za chumvi kwenye vibakuli. Nakaa pale saa nne, naagiza maji, naongezea mayai ya kofiani. Kaniita "kapteni". Mhudumu wa chumba changu anajua lugha yetu, fikiria, huku mwisho wa dunia! Mama wa makamo. Mimi namwita Binti wa Mashuka. Kaona maganda ya mayai kwenye viatu vyangu akacheka mpaka akakaa chini.

Kuna jambo moja limenishangaza. Wewe unajua mkono wangu. Miaka hamsini nimekuwa nikishika kitu nikikuambia gramu zake, na mizani ikija inasema hivyo hivyo. Juzi nimeshika yai, gramu hamsini na tano. Nikahesabu kumi, lilelile, sitini. Nikahesabu tena, hamsini. Yai halijasogea. Nikaulaani mkono, kumbe sakafu ndiyo inapanda na kushuka, ikipanda kitu kinakuwa kizito. Kwenye maji haya hata mkono wangu unapunja. Sikulala vizuri.

Kile kimashine chako cha kuchoma kidole sikitumii, nikwambie ukweli. Kina lakiri? Kimekaguliwa na nani, mwaka gani? Mimi sikubali namba ya chombo ambacho hakuna mtu aliyekipima. Mwili wangu naujua. Nikihisi kutikisika kidogo, ni meli. Mara zote imekuwa meli.

Baba yako,
Fundi Mizani


Nyumbani
Tarehe 7 Juni

Baba,

Kucheka nimecheka, hasa ya kofia. Lakini swali moja. Kama daktari ameisoma bahasha na jikoni wanajua, kwa nini unaiba mayai?

Na kutikisika unakokusema, Baba, ndiko ninakokuogopa. Sukari ikishuka mwili unatetemeka, jasho linatoka, kichwa kinayumba. Utajuaje kama ni meli? Hicho kimashine ndicho kinachojua. Kitumie, hata kwa kukisuta.

Hujauliza habari za duka, lakini najua ungetaka kujua. Liko salama. Usiwe na wasiwasi na vitu vyako, vyote navishughulikia.

Mwanao


[Kikaratasi kilichoachwa juu ya mto, chumba 5118]

Tarehe 8 Juni, saa kumi na moja jioni

Mzee wangu,

Nimeandika kwa herufi kubwa kama ulivyozoea. Umelala, sikutaka kukuamsha. Juisi ya machungwa iko mezani, nusu ya glasi tu, ukiamka umalizie. Pembeni kuna mkate na jibini, na karanga kwenye kikombe cha mswaki. Msimamizi wangu hajui.

Mlango wa bafu usiufunge tena kwa ndani. Nakuomba kama baba yangu. Leo nilikuwa zamu kwa bahati tu, wenzangu wote walishuka mjini. Nisingesikia ukiita lile jina, sijui.

Yule mfanyakazi wa usafi wa ukumbini tuliyesaidiana kukuinua ameahidi kunyamaza. Umeniapisha na mimi, nimeapa. Lakini nasema hapa kwenye karatasi: sikupenda kuapa.

Binti wa Mashuka


Melini
Tarehe 9 Juni

Mama Sindano,

Hakuna jipya. Mimi mzima kama chuma cha reli.

Umeuliza kwa nini naiba mayai. Naiba kwa sababu ya jikoni, wanasahau, watu elfu mbili humu, nani atakumbuka mzee mmoja? Basi, nimekujibu.

Jana nilishinda chumbani napumzika. Bahari ilichafuka vibaya sana mchana, meli ikayumba vile sijapata kuona tangu tutoke, kulia kushoto, kulia kushoto, mpaka nikajikalia chini bafuni nikashika bomba. Watu wengine wangelia. Mimi nilikaa tu nikaimba. Ikatulia jioni. Ndiyo habari yote.

Binti wa Mashuka kaniletea karanga, kwa hiyo za usiku ninazo. Hizo keki zao mpaka leo sijazigusa, waandike kwenye gazeti.

Nimeota mama yako. Alikuwa amesimama nje ya mlango anatafuta ufunguo kwenye mkoba, unajua alivyokuwa akitafuta, anatoa kitu kimoja kimoja. Hakuupata.

Zimebaki siku saba. Andaa maneno ya kuniomba radhi.

Baba yako,
Fundi Mizani


Nyumbani
Tarehe 10 Juni

Baba, shikamoo.

Ratiba ya meli yako nimeibandika kwenye mlango wa friji tangu ulipoondoka. Kila asubuhi nikichukua maziwa naisoma, najua uko wapi.

Tarehe nane imeandikwa hivi: bandarini, saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Abiria kushuka mjini.

Mchana ule meli yako ilikuwa imefungwa kamba kwenye gati, Baba.

Nani aliyeyumba?

Mwanao


Melini
Tarehe 11 Juni

Wewe umewahi kulala melini? Meli hata ikifungwa inayumba. Kuna mawimbi ya chini ambayo hayaonekani. Muulize nahodha.

Sitaki kuhojiwa kama mwizi wa kuku. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma saa.

Barua fupi kwa sababu nina shughuli.

Baba yako


Nyumbani
Tarehe 12 Juni

Baba,

Nilikuwa na miaka tisa. Mchinjaji wa kona alileta mizani yake uigonge lakiri. Ukaipima mbele yangu, ikapunja gramu themanini kwa kila kilo. Akakuomba uigonge hivyo hivyo, akaweka mguu mzima wa mbuzi juu ya meza yako. Nyumbani tulikuwa hatujaonja nyama mwezi mzima, mama alikuwa anauangalia ule mguu kutoka mlangoni. Wewe hukuinua hata macho. Ulisema, "Ondoa mbuzi wako, ananizibia mwanga."

Hadithi hii nawasimulia wagonjwa wangu.

Sitauliza tena habari ya tarehe nane.

Mwanao


Melini
Tarehe 13 Juni

Mwanangu,

Barua yako ya mbuzi ilipita chini ya mlango jana saa tano. Nimeisoma polepole, unajua napita neno kwa neno kwa kidole. Nikaisoma tena. Ningeweza kutoka nikatembee niisahau, lakini humu utatembea wapi, ukienda mbele unarudi ulipotoka.

Basi sikiliza, na nikiandika usinikatize.

Bahasha yako sikuitoa. Ilikuwa ndani ya koti siku zote. Niliona wakiisoma wataniandika mgonjwa, watanivalisha kikuku cha plastiki mkononi kama mzigo, kisha siku ya kurudi utaniambia umeona, hata meli imekuandika.

Tarehe nane watu wote walishuka. Mimi sikushuka. Kabla ya safari nilijisifu kwamba nitaona miji yote, sijaona hata mmoja. Vibao vya huko siwezi kuvisoma, na niliogopa kupotea nikaachwa. Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo.

Saa saba kasoro nikajichoma sindano kama kila siku, nikapanda kwenda bafe. Nimekuta vyuma vimeshushwa na karatasi imebandikwa. Sikuweza kuisoma. Nikasema wamechelewa, nikasimama. Nikasimama sana. Ghorofa ya saba yule wa karanga hayupo, vibakuli vimefunikwa. Kila mahali viti vimegeuzwa juu ya meza. Ile meli ya kelele zote ilikuwa kimya kama duka la siku ya msiba. Insulini imo mwilini inafanya kazi yake na hakuna hata ganda la yai.

Nikarudi chumbani, nilipita mlango wenye soksi mara mbili bila kuutambua. Sakafu ikaanza kwenda. Nikasema aa, tumeondoka. Nilifurahi, wallahi, nikasema sasa watafungua chakula. Jasho likanitoka mpaka viatuni. Nikaingia bafuni nikafunga kwa ndani, sikutaka mtu anikute vile. Kisha nikataka kutoka.

Mwanangu, komeo lenyewe ni dogo kama la sanduku la shule. Mimi ambaye nimekaza skrubu zisizoonekana bila miwani. Vidole vikalipapasa, vikateleza, vikasahau vinatafuta nini. Nilikaa chini. Soda zilikuwa chini ya kitanda, hatua nne, nilipozificha mwenyewe. Nikaanza kumwita mama yako anifungulie. Niliona kabisa yuko upande wa pili anatafuta ufunguo kwenye mkoba.

Aliyefungua ni Binti wa Mashuka, alikuwa anapita na toroli, akazungusha komeo kwa nje na ncha ya mkasi. Yeye na mfanyakazi wa usafi wakaninyanyua, mmoja mikono mmoja miguu, wakanilaza. Wakaninywesha juisi.

Nilibebwa. Hivyo ndivyo ilivyo, na mwandiko ni wangu.

Sasa ngoja nikuambie nilichofanya baadaye, maana sikukaa kulia. Nilijiuliza kama fundi: chombo kinatikisika, nitajuaje kosa liko kwenye chombo au kwenye meza? Meza ukiiona inacheza, huwezi kuilaumu mizani. Nikamwomba Binti wa Mashuka uzi. Nikalifunga jiwe langu la shaba, nikalitundika kwenye ndoano ya darini wanapoweka hanga. Likining'inia likiyumba, ni meli. Likisimama wima na mimi natikisika, ni mimi. Hakuna wa tatu wa kumsingizia.

Juzi saa kumi, wakati wa zile keki, niliona ukuta unapumua. Nikatazama jiwe. Limesimama kama askari wa lango. Nikasema kumbe wewe, mzee. Nikachukua kile kimashine chako, nikajichoma, kikaandika tatu nukta mbili. Nikala nusu tufaa na yai, nikasubiri, kikapanda. Jana asubuhi bahari ilichafuka kweli, jiwe linacheza huku na huku, na mimi nayumba nalo. Kimashine kikasema saba. Jioni jiwe kimya, mimi natetemeka, kikasema tatu na nusu. Mara tatu nimevipimanisha, jiwe na kimashine, na mara tatu vimesema neno moja. Nimechukua kisu nikakikwangulia alama yangu nyuma, ile ya pembetatu. Sasa kimekaguliwa.

Nilipomaliza nikateremka kliniki na bahasha. Daktari ni msichana mdogo kama wewe ulivyokuwa. Alipiga simu moja. Leo saa nne, na tena saa kumi, mtu kagonga, sinia limefunikwa: yai, jibini, kipande cha mkate, tunda. Vilikuwepo siku zote. Siku kumi nimeiba mayai yaliyokuwa yangu.

Umeshinda. Fagia kile chumba kinachotazama ukuta. Pazia usiweke.

Baba yako


Nyumbani
Tarehe 14 Juni

Baba yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa zamu, kwenye stoo ya bandeji, mlango nimeuegemea ili mtu asiingie.

Chumba kimeshafagiwa. Kilifagiwa tarehe tano.

Ulikuwa una siku tatu tu baharini, hujayumba bado. Nilifungua duka lako kwa ufunguo wangu, nikaita mkokoteni, nikachukua kitanda, sanduku la nguo, na picha ya mama. Meza ya kazi na mizani sikugusa. Niliweka kila kitu kwangu nikatandika. Ndiyo maana nilikuandikia kwamba vitu vyako navishughulikia. Maneno hayo niliyachagua kwa makini, Baba. Yanapunja, kama mizani ya yule mchinjaji.

Tiketi ile nilikupa nikijua utashindwa, au nikijua hata usiposhindwa kitanda kitakuwa kimeshahama na utachoka kubishana. Nilikufungia huko ili nipate nafasi huku.

Wazee wa wodi yangu huletwa na majirani waliovunja mlango. Mwezi wa tatu waliniletea mmoja, alikuwa umri wako, alikuwa amekaa sakafuni siku mbili akiusikiliza mlango wake mwenyewe. Tangu siku ile kila nikipita dukani kwako naangalia komeo lako la ndani. Sikuwahi kukwambia. Nilifanya utani wa tiketi.

Jana nilijaribu kurudisha kitanda. Mwenye mkokoteni alikuwa ameondoka, nikakivuta peke yangu, kikanasa kwenye kona ya ukumbi kati ya vyumba. Hakiendi mbele, hakirudi nyuma. Naruka juu yake kwenda jikoni.

Niambie nikisukume upande gani.

Mwanao


Melini
Tarehe 15 Juni

Mwanangu,

Kwanza nimekasirika. Nilitembea ukumbi wote wa ghorofa ya tano, kwenda na kurudi, nikisema maneno ambayo Binti wa Mashuka aliziba masikio. Mimi nimefungiwa huku kama kuku kwenye tenga, navaa mayai kichwani, na wewe unabeba picha ya mke wangu kwenye mkokoteni! Kisha nikacheka ulivyokwama na kitanda. Upana wa kona ile ni sentimita tisini, kitanda ni mia na tano. Ungeniuliza ningekuambia.

Hasira ilipotoka nikakaa kama mkaguzi. Mizani yangu ilichezewa, nilidanganya. Yako ilichezewa, tena kabla hata hatujaweka kitu. Ofisini sheria ilikuwa moja: pande zote mbili zikichezewa, kipimo kinafutwa, kinaanza upya mbele ya wote wawili. Kwa hiyo sikushindwa na wewe hukushinda. Usibishe, hii ni kazi yangu.

Kitanda ukivushe kwa kukisimamisha wima, kitapita. Kirudi dukani. Nalala pale pale nyuma, chini ya zile mizani.

Lakini juu ya kitanda, kwenye boriti, piga msumari wa inchi tatu. Jiwe langu litaning'inia pale. Nchi kavu haichezi, kwa hiyo nikiona ukuta unapumua, nitalitazama, nitajua ni mimi, nitakula, kisha nitakupigia simu. Simu iko droo ya misumari, itoe, iwekee chaji. Namba za kimashine nitakusomea kila jioni na wewe usipige kelele zikiwa mbaya.

Na lile komeo la ndani.

Nilikaa nalo usiku kucha hilo neno. Komeo lile nililifunga mwenyewe mwaka aliofariki mama yako. Sikuwa naogopa wezi, mizani za chuma nani ataziiba. Nilitaka tu pawe na mlango mmoja duniani ambao naufunga mimi na kuufungua mimi. Kule bafuni nimejua kufunga naweza.

Ling'oe. Skrubu ni nne, ya juu kushoto imeshika kutu, itie mafuta uingoje kidogo. Ufunguo wako unao tayari, maana umeshautumia kuniibia. Utaingia saa yoyote bila kubisha hodi. Ila usiingie na sindano umeinua juu kama mkuki.

Kesho tunafunga kamba saa mbili asubuhi. Uje na karanga, nitakuwa nimekula saa moja lakini foleni ya kushuka sijui urefu wake. Nitateremka ngazi kwa miguu yangu.

Kama kuna mtu atakayesema haya nimeyatunga, wapo wa kuulizwa. Ya bafuni muulize Binti wa Mashuka, nimemwondolea kiapo chake leo asubuhi mbele ya toroli. Ya sinia muulize daktari, msichana yule, ghorofa ya kwanza. Ya mayai ya kofiani muulize yule mama wa bango, jana nilipomwonyesha kofia tupu aligonga paja akasema kitu kwa lugha yake, nadhani alijua tangu zamani. Namba za sukari ziko ndani ya kimashine, na kimashine kina alama yangu.

Na habari ya komeo shahidi ni wewe, maana ni wewe utakayelishika mkononi likishatoka. Lipime kabla hujalitupa. Mimi nasema gramu mia moja na ishirini.

Baba yako,
Fundi Mizani